García: Jina la Wengi Wasio Ndugu

Jina la ukoo lenye watu wengi kuliko mengine yote nchini Hispania ni García, ambalo kwa mujibu wa Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya nchi hiyo linatumiwa na watu wapatao milioni 1.45 kama jina lao la kwanza la ukoo, yaani karibu watu 3 katika kila 100, huku wengine wa idadi inayokaribia hiyo wakilibeba kama jina la pili walilorithi kwa mama. Majina yanayolifuata, ambayo ni Rodríguez, González, Fernández na López, hayafikii milioni moja kila moja. Katika Afrika Mashariki wapenzi wa vitabu wamelizoea kwa Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1982, na wapenzi wa kandanda wanamkumbuka Luis García, aliyekuwamo katika kikosi cha Liverpool kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2005. Mtu aliyezoea kulichukulia jina la ukoo kuwa alama ya damu moja atajiuliza babu wa watu hawa wote alikuwa nani. Jibu ni kwamba hakuwapo babu mmoja, kwa sababu García ni jina lililoenezwa na wafalme, mapadri na makarani kuliko lilivyoenezwa na uzazi.

Kabla ya kuwa jina la ukoo, García lilikuwa jina la mtu binafsi, lile ambalo mtoto hupewa anapozaliwa, na makazi yake ya mwanzo yalikuwa upande wa magharibi wa milima ya Pirenei, katika nchi ya Wabaski. Lugha ya watu hao haikutokana na Kilatini kama Kihispania kilivyotokana nacho, wala haijapatikana lugha nyingine iliyo hai ambayo imethibitishwa kuwa ni ndugu yake, na kwa hiyo majina yaliyotoka humo hayafasiriki kwa kamusi ya Kilatini. Wataalamu wa asili ya maneno wamegawanyika kuhusu maana ya García: wapo wanaolihusisha na neno hartz, ambalo kwa Kibaski ni dubu, yule mnyama mkubwa wa misituni, na wapo wanaolihusisha na neno gazte, lenye maana ya kijana. Rai ya dubu ndiyo iliyopendwa zaidi na watu wa kawaida, pengine kwa sababu inapendeza masikioni, ingawa uzuri wa maelezo si ushahidi. Jambo ambalo halina ubishi mkubwa ni kwamba jina hili ni la kale kuliko Kihispania chenyewe, na kwamba lilikuwa limeshaenea kaskazini mwa rasi ya Iberia kufikia karne ya 9.

Lililolipa sifa ni ufalme mdogo wa Pamplona, ambao baadaye uliitwa Navarra. Mwanzilishi wa nasaba ya kwanza ya wafalme wake alikuwa Íñigo, aliyefariki katikati ya karne ya 9. Aliyemrithi ni mwanawe García Íñiguez, na aliyemrithi huyo ni mwanawe Fortún Garcés. Mfuatano wa majina haya unaeleweka upesi kwa yeyote anayeijua historia ya Zanzibar, ambako Said bin Sultan alimzaa Barghash bin Said, naye Barghash akamzaa Khalid bin Barghash. Íñiguez maana yake ni mwana wa Íñigo, na Garcés maana yake ni mwana wa García. Kiishio cha -ez, ambacho wakati mwingine huandikwa -es au -iz, kilifanya kazi ileile inayofanywa na neno bin, yaani kuunda ubini, jina la pili linalomtaja baba na ambalo kwa hiyo hubadilika kila kizazi. Kwa kanuni hiyo Rodríguez alikuwa mwana wa Rodrigo, Fernández mwana wa Fernando, na Sánchez mwana wa Sancho. Wareno walikitamka na kukiandika kiishio hichohicho kama -es, na ndiyo maana majina ya Wagoa waliohamia Mombasa, Zanzibar na Nairobi yanaandikwa Fernandes na Rodrigues, si Fernández wala Rodríguez.

Baada ya Pamplona, jina hili lilibebwa na wafalme wengine kadhaa. Yupo García wa kwanza wa León, aliyetawala kuanzia mwaka 910 hadi 914. Yupo García wa Galicia, aliyenyang'anywa ufalme na ndugu zake mwenyewe na kufa kifungoni mwaka 1090. Na yupo García Sánchez wa tatu wa Navarra, aliyeuawa mwaka 1054 katika vita vya Atapuerca akipigana na jeshi la mdogo wake. Bahati ya wenye jina hili vitani na katika siasa haikuwa nzuri sana, lakini watu hawakulikimbia. Wakulima, askari na watumishi waliwaita watoto wao jina la mfalme au la bwana wa eneo lao, kama ilivyo desturi ya wanyonge kila mahali, na kwa karne tatu hivi García likawa miongoni mwa majina ya wanaume yaliyotumiwa sana katika falme za Kikristo za kaskazini.

Lilivuka pia mpaka wa dini. Fortún Garcés alitekwa na majeshi ya amiri wa Córdoba akakaa huko mateka kwa muda wa miaka ishirini hivi, na binti yake Onneca, kwa mujibu wa nasaba zilizoandikwa katika muswada wa kale unaoitwa Kodeksi ya Roda, aliolewa na Abdallah, aliyekuja kuwa amiri wa Córdoba. Mjukuu wa ndoa hiyo ni Abd al-Rahman wa tatu, mtawala aliyejitangaza khalifa mwaka 929 na kuufikisha utawala wa Waislamu wa Andalusia kwenye kilele chake. Kwa hiyo khalifa mkuu wa Córdoba alikuwa kitukuu cha mtu aliyeitwa mwana wa García. Waandishi wa Kiarabu walilitamka na kuliandika jina hilo Gharsiya, na katika karne ya 11 alitokea mjini Denia, kwenye pwani ya mashariki, mwandishi mashuhuri aliyejulikana kama Abu Amir ibn Gharsiya, mtu wa asili ya Kibaski aliyetekwa utotoni, akalelewa katika Uislamu na kubobea katika Kiarabu. Risala aliyoiandika kwa Kiarabu fasaha ilikuwa ni ya kuwatetea wasio Waarabu na kukejeli majivuno ya nasaba ya Waarabu, nayo iliwaudhi wasomi wengi kiasi kwamba majibu ya kuipinga yaliendelea kuandikwa baada yake. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa namna jina hili lilivyokataa kufungwa katika kabila au dini moja tangu mapema.

Swali linalofuata ni vipi jina linalobadilika kila kizazi liligeuka kuwa jina lisilobadilika. Mabadiliko hayo hayakutokea kwa siku moja wala kwa amri moja. Kuanzia karne ya 13 hadi ya 15, kadiri miji ilivyokua na mikataba ya ardhi, mirathi na kodi ilivyozidi kuandikwa, ilifaa zaidi mwana kuendelea kuitwa Pérez kama baba yake hata kama baba huyo hakuitwa Pedro, kwa sababu shamba lilikuwa limeandikwa kwa jina la Pérez. Ubini ukaganda. García nalo liliganda, lakini likiwa na upekee ambao unaonekana mara moja mtu akiitazama orodha ya majina makubwa ya Hispania: Rodríguez, González, Fernández, López, Martínez, Sánchez na Pérez yote yana kiishio cha -ez, ila García limesimama tupu. Garcés, ambalo ndilo lenye kiishio, lipo hadi leo lakini wenye jina hilo ni wachache sana wakilinganishwa na kina García. Huko Castilla desturi kwa jina hili ilikuwa kuliweka lilivyo, bila kuongeza kitu, hivyo mwana wa García akiitwa Martín alikuwa Martín García tu. Wakati huohuo García kama jina la mtoto likafifia, na baada ya karne ya 16 wazazi waliacha karibu kabisa kulitumia kwa njia hiyo, kwa hiyo jina la mfalme likabaki kuwa jina la ukoo pekee.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kila familia ilishika jina moja kwa uaminifu. Hadi karne ya 18 haikuwa ajabu nchini Hispania ndugu wa baba mmoja na mama mmoja kutumia majina tofauti ya ukoo, mmoja akichukua la baba, wa pili la mama, na wa tatu la bibi aliyemwachia mali. Mfano ulio wazi ni wa mwanahistoria aliyezaliwa Cuzco, Peru, mwaka 1539, mwana wa kapteni wa Kihispania na binti wa ukoo wa kifalme wa Wainka. Alibatizwa kwa jina la Gómez Suárez de Figueroa, jina lililokuwa la jamaa za baba yake, kisha alipokuwa mtu mzima na kuhamia Hispania akalibadilisha, akachukua jina la baba yake mzazi na kujiita Garcilaso de la Vega, na mwishowe akaongeza neno Inka ili kuutaja upande wa mama. Garcilaso lenyewe ni García na Laso yaliyounganishwa. Mtu huyo hakuhitaji kibali cha mahakama wala tangazo la gazetini; alitia saini kwa jina alilolitaka, na likakubaliwa.

Uhuru huo ulipunguzwa na daftari. Kardinali Francisco Jiménez de Cisneros, Askofu Mkuu wa Toledo, aliagiza mwishoni mwa karne ya 15 kwamba mapadri wa jimbo lake waandike majina ya wanaobatizwa, na Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, uliimarisha utaratibu wa kuandika ubatizo na ndoa katika parokia zote. Hapo ndipo García lilipoongezeka kwa njia isiyohusiana na uzazi. Waislamu wa Granada waliolazimishwa kubatizwa kuanzia mwaka 1499, Wayahudi waliobadili dini, watumwa na watoto wa kuokotwa, wote hao walihitaji jina la kuandikwa, na mara nyingi walipewa la msimamizi wao wa ubatizo, la bwana wao, au lile lililokuwa la kawaida tu katika eneo hilo. Jina lililokuwa na watu wengi lilivuta wengine, na mwenye kutaka kuficha asili yake hakuwa na mahali pazuri pa kujificha kuliko ndani ya umati wa kina García.

Serikali ndiyo iliyokamilisha kazi hiyo. Sheria ya usajili wa raia ya mwaka 1870 iliweka rasmi utaratibu wa majina mawili ya ukoo, ambapo mtu huchukua jina la kwanza la ukoo la baba yake na kulifuatisha na jina la kwanza la ukoo la mama yake. Mwanamke wa Kihispania habadili jina anapoolewa. Gabriel García Márquez, ingawa alikuwa Mkolombia, alifuata kanuni hiyohiyo: baba yake alikuwa García, mama yake Márquez. Kutokana na wingi wa jina hili hutokea mara nyingi kwamba García anaoa García, na watoto wao wakaandikwa García García, hali ambayo haionyeshi hata kidogo kwamba wazazi hao walikuwa binamu. Wapo makumi ya maelfu ya watu wa namna hiyo nchini Hispania.

Mtawanyiko wa jina katika ramani ya nchi unafuata historia ya vita na ya njaa. Falme za kaskazini zilipoteka ardhi za kusini karne baada ya karne, walowezi walishuka pamoja na majeshi na majina yao, na García likawa jina la kwanza kwa wingi katika sehemu kubwa ya nyanda za kati na za mashariki. Katika karne ya 20 wafanyakazi maskini kutoka Andalusia na Murcia walihamia viwanda vya Barcelona, na matokeo yake ni kwamba hata katika Catalonia, yenye lugha yake na majina yake ya asili, García ndilo linaloongoza. Halikushinda kote, kwa maana Asturias imetawaliwa na kina Fernández. Linalostaajabisha zaidi ni la Ceuta na Melilla, miji miwili ya Hispania iliyo kwenye pwani ya Afrika ikipakana na Moroko, ambako jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote ni Mohamed. Waislamu wa huko wengi walipopata uraia katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, ubini wao wa Kiislamu ulilazimishwa kuingia katika nafasi mbili za fomu ya Kihispania, jina la baba likawa la kwanza la ukoo na la babu likawa la pili, na hapo Mohamed likaganda, kwa njia ileile iliyoligandisha García miaka mia kadhaa kabla.

Nje ya Hispania jina hili lilisafirishwa na dola. Nchini Meksiko lipo katika nafasi ya pili, nyuma ya Hernández. Nchini Marekani ukuaji wake unaonekana vizuri katika sensa: mwaka 1990 lilikuwa la 18 kwa wingi, mwaka 2000 likawa la 8, na mwaka 2010 likashika nafasi ya 6 likiwa na watu 1,166,120, likitanguliwa na Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones. Zaidi ya watu 90 katika kila 100 wenye jina hilo nchini humo walijitambulisha kuwa na asili ya Amerika ya Kilatini au Hispania. Matamshi yalibadilika pia njiani. Katika Hispania ya kati herufi c ya García hutamkwa kama th ya thelathini, lakini katika Amerika yote hutamkwa kama s, na huko Marekani alama iliyo juu ya herufi i huachwa mara nyingi.

Ufilipino inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa huko karani alifanya kwa amri moja kazi ambayo Ulaya ilichukua karne nyingi. Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Mkuu Narciso Clavería alitoa agizo kwamba kila familia ya visiwa hivyo iwe na jina la ukoo lisilobadilika. Malalamiko yake yalikuwa ya kiutawala: Wafilipino waliobatizwa walipenda kujichagulia majina ya kidini kama de la Cruz na de los Santos, watu wa nyumba moja walitofautiana majina, na mtoza kodi hakujua nani amelipa na nani amekimbia. Orodha ya maelfu ya majina iliyopangwa kwa alfabeti ilichapishwa, ikagawanywa kwa mikoa na kisha kwa miji, na wakuu wa familia wakachagua kutoka kwenye kurasa zilizofika kwao. Waliosamehewa ni wale ambao familia zao zilikuwa na jina moja kwa vizazi vinne. Wapo kina García walioingia visiwani kabla ya agizo hilo, na García ni mojawapo ya majina ya kawaida kabisa huko leo; Carlos García alikuwa Rais wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1957 hadi 1961. Lakini Wahispania waliohamia Ufilipino walikuwa wachache mno, kwa hiyo jina hili kwa Mfilipino ni ushahidi wa ubatizo na kodi, si wa damu. Ndivyo ilivyo pia kwa Wagoa wa Afrika Mashariki: Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya aliyeuawa mwaka 1965, alikuwa na majina ya Kireno kwa sababu Goa ilitawaliwa na Ureno na wahenga wa Wagoa Wakatoliki walibatizwa na mapadri wa utawala huo.

Wingi una adha zake, na Wahispania wenyewe wamebuni njia ya kuzikwepa. Mshairi Federico García Lorca, aliyeuawa mwaka 1936 mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, huitwa Lorca tu, kwa jina la mama yake, kwa kuwa García peke yake halimtofautishi na yeyote. José Luis Rodríguez Zapatero, waziri mkuu kuanzia mwaka 2004 hadi 2011, alijulikana kama Zapatero kwa sababu hiyohiyo, na mchoraji Pablo Ruiz Picasso aliliacha Ruiz kabisa. Sheria nayo imelegea: tangu mwaka 1999 wazazi wanaruhusiwa kulitanguliza jina la mama, na tangu mwaka 2017 jina la baba halitangulii tena lenyewe, bali wazazi wanatakiwa kutamka mpangilio wanaoutaka wanapomsajili mtoto.

Kwa makarani, walimu na wakutubi wa Afrika Mashariki liko jambo moja la kuzingatia, kwa sababu fomu za huku zenye nafasi ya jina la kwanza, la kati na la mwisho huwapotosha watu wengi. Majina mawili ya mwisho ya Mhispania yote ni ya ukoo, na linalotangulia ndilo kuu. García si jina la kati. Vitabu vya García Márquez na vya García Lorca vipangwe rafuni chini ya herufi G, na mgeni anayejaza fomu aandikwe majina yake yote mawili kama yalivyo katika pasipoti yake.